Kiota cha Nywele: Jinsi Wapasuaji Walivyojifunza Kukata Kidogo

Kati ya mwaka 1941 na 1945 jeshi la Marekani lilipata hasara ambayo haikusababishwa na risasi wala bomu. Askari wake wapatao 79,000 walilazwa hospitalini kwa ajili ya kidonda kidogo kilichokuwa juu kidogo ya kifandugu, mahali makalio mawili yanapoanza kuachana. Kila mmoja wao alikaa hospitalini kwa wastani wa siku 55. Mwanafunzi akizidisha tarakimu hizo mbili ataona kwamba jeshi hilo lilipoteza zaidi ya siku milioni nne za kazi. Na wengi wa wagonjwa hao hawakuwa mahututi hata kidogo. Walikuwa vijana wenye nguvu walioshindwa jambo moja tu, nalo ni kukaa kitako; na walipokwisha kupasuliwa, majeraha yao yalikataa kufunga.

Mwaka 1944 daktari mmoja wa Marekani, Louis Buie, aliupa ugonjwa huo jina la "ugonjwa wa jeep", kwa kuwa ulionekana kuwaandama hasa askari waliosafiri kwa magari magumu yenye kurukaruka njia nzima. Jina hilo lilivuma sana, lakini kwa kiasi fulani gari lilisingiziwa. Daktari Mwingereza Herbert Mayo alikuwa amekwisha kuueleza ugonjwa huo mwaka 1833, kabla ya gari lolote la injini ya petroli kuundwa. Mwaka 1880 mpasuaji Richard Hodges wa Boston aliunda jina linalotumika hadi leo katika vitabu vya utabibu, yaani pilonidali, kutokana na maneno mawili ya Kilatini: moja lina maana ya unywele, na la pili lina maana ya kiota. Katika makala haya ugonjwa huo utaitwa kiota cha nywele, nalo ni jina linaloeleza kwa usahihi kitu ambacho mpasuaji hukikuta anapofungua ngozi.

Ugonjwa wenyewe

Katikati kabisa ya ufa wa makalio huonekana kitundu kimoja au vitundu kadhaa, vidogo kama vilivyotobolewa kwa sindano nene. Kila kitundu ni mlango wa njia nyembamba iliyochimbika katika mafuta yaliyo chini ya ngozi. Njia hiyo huwa na urefu wa sentimita chache, na mara nyingi huelekea juu, upande wa mgongo, kisha hutokeza pembeni kwa tundu la pili linalotoa usaha. Ndani yake hukutwa fungu la nywele zilizolegea, zimezingirwa na nyama laini yenye kutoka damu upesi. Njia hiyo haiingii katika mfupa, wala haiungani na utumbo. Hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na nasuri, ambayo mdomo wake wa ndani umo katika njia ya haja kubwa. Daktari asiyeitambua tofauti hiyo anaweza kupasua mahali pasipostahili.

Ugonjwa unaweza kukaa kimya kwa miaka. Kisha, siku moja, huja jipu: maumivu makali, uvimbe mwekundu, pengine na homa. Jipu likipasuka au likipasuliwa maumivu hutulia mara moja, na mgonjwa hudhani kwamba amepona. Miezi michache baadaye nguo ya ndani huonekana ina unyevu wenye harufu, na safari ya pili huanza. Kwa kuwa mahali penyewe ni pa siri, wapo wanaouficha ugonjwa huu hata kwa wazazi wao, wakakaa na usaha miaka mingi. Mara chache sana, njia iliyoachwa bila matibabu kwa miongo kadhaa imewahi kugeuka saratani ya ngozi.

Umri wa wagonjwa unastahili kuangaliwa na kila mwalimu. Ugonjwa huu hauonekani sana kabla ya balehe; huwashika zaidi watu wa umri wa miaka 15 hadi 30, na ni nadra kuanza baada ya miaka 40. Wanaume huugua mara kadhaa kuliko wanawake. Huo ndio umri wa kukaa darasani saa nyingi juu ya benchi la mbao. Mwanafunzi anayekalia upande mmoja wa kalio, anayependa kusimama nyuma ya darasa, au anayekosa masomo mara kwa mara bila kueleza sababu, huenda si mtoro.

Mataifa hayalingani katika jambo hili. Uchunguzi uliochapishwa nchini Norway mwaka 1995 ulikadiria wagonjwa wapya 26 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Huko Uturuki, mwaka 1999, waganga walitoa habari za askari 1,000 waliokaguliwa, na 88 kati yao wakaonekana wana vitundu hivyo. Karibu nusu ya hao 88 hawakuwa na maumivu yoyote. Ugiriki na nchi nyingi za Kiarabu nazo zina wagonjwa wengi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika kusini ya Sahara ugonjwa ni haba zaidi, ingawa haukosekani, na hudhaniwa kwamba sababu mojawapo ni umbo la nywele: unywele uliojikunja sana hausafiri kwa urahisi kama ulionyooka. (Unywele huohuo uliojikunja hufanya ukorofi wake kidevuni, ambako baada ya kunyolewa huinama na kuchoma ngozi tena, ukaleta vipele vya ndevu vinavyojulikana sana na vijana wetu.) Lakini uchache huo una hatari yake. Ni rahisi kwa daktari ambaye haoni wagonjwa wengi wa namna hii kuandika "jipu", akalipasua, na kumruhusu mgonjwa aende zake.

Nadharia iliyokiongoza kisu

Swali lililowashughulisha waganga kwa zaidi ya miaka mia ni hili: nywele hizo zimefikaje chini ya ngozi? Jibu lililotawala mpaka wakati wa Vita Kuu ya Pili lilikuwa kwamba mgonjwa alizaliwa nazo. Wengine walisema kwamba mtoto anapoumbwa tumboni na mfereji wa uti wa mgongo unapofunga, kipande cha ngozi hunaswa ndani, kisha baadaye huota nywele gizani. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakadai kwamba ni mabaki ya tezi ileile ambayo ndege wanayo juu ya mkia kwa ajili ya kupaka mafuta manyoya yao.

Nadharia si jambo la vitabuni tu. Ndiyo inayouamuru mkono wa mpasuaji. Kama ugonjwa ni mabaki ya kuzaliwa nayo, basi hapana budi kuyang'oa yote pamoja na mizizi yake. Kwa hiyo wapasuaji walikata kwa upana, wakaondoa ngozi na mafuta mpaka kwenye utando wa mfupa, wakaacha shimo ambalo lingeweza kumeza yai la kuku. Baada ya hapo palikuwa na njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuliacha shimo wazi, likijazwa shashi na kusafishwa kila siku, mpaka nyama mpya iote kutoka chini na ngozi ifunike. Njia hii ni salama na haihitaji ufundi mkubwa, na hadi leo hutumika duniani kote. Ubaya wake ni muda. Jeraha kama hilo huchukua miezi miwili au mitatu kupona, na wakati mwingine zaidi, na siku zote hizo mgonjwa anamhitaji mtu wa kumsafisha mahali asipoweza kupaona mwenyewe.

Njia ya pili ni kuzivuta kingo mbili za ngozi na kuzishona katikati. Jeraha likikubali, mgonjwa hupona katika wiki mbili. Mara nyingi, hata hivyo, halikubali. Chini ya mshono hubaki nafasi tupu ambayo hujaa damu na majimaji. Kila mgonjwa anapoketi au kuinama, ngozi huvutwa kushoto na kulia. Jasho halikauki, na bakteria wa njia ya haja kubwa wako karibu. Hata mshono ukishika, kovu hubaki palepale penye kina cha ufa, na ugonjwa hurudi. Mwaka 2018 watafiti waliojumlisha taarifa za matibabu ya wagonjwa zaidi ya 89,000 kutoka nchi nyingi walikadiria kwamba, miaka 20 baada ya kushonwa katikati, yapata theluthi mbili ya wagonjwa huwa wamerudiwa na ugonjwa. Ni vigumu kumlaumu mpasuaji wa mwaka 1942 ambaye hakuwa na hesabu hiyo. Ni vigumu zaidi kumtetea anayeshona katikati leo.

Mkono wa kinyozi

Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, David Patey na R. W. Scarff wa London walichapisha makala yaliyoitikisa nadharia ya kuzaliwa nao. Walisema jambo ambalo kila mpasuaji alikuwa ameliona bila kulitafakari: mgonjwa ambaye nyama yake yote imeondolewa mpaka kwenye mfupa hurudiwa na ugonjwa, na katika shimo jipya hukutwa nywele nyingine. Kama mabaki ya kuzaliwa nayo yalikwisha kutupwa, hizi zimetoka wapi? Tena, nywele zile hazikuwa na mizizi katika kuta za njia. Zilikuwa zimelala humo tu, kama majani makavu katika kiota.

Ushahidi uliomaliza mabishano ulitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1948 Patey na Scarff walieleza habari za kinyozi mwenye ugonjwa uleule, lakini katika ngozi iliyo kati ya vidole vyake vya mkono. Ndani ya njia ile mlikuwa na vipande vya nywele za wateja wake. Hakuna mwanadamu anayezaliwa na nywele za wateja mkononi. Baadaye ugonjwa kama huo umeonekana katika mikono ya wakata manyoya ya kondoo, wakamuaji wa ng'ombe, na watu wanaowatengeneza mbwa nywele. Katika kila kazi unywele ulikuwa wa kiumbe mwingine, nao umeingia kutoka nje.

Jinsi unywele unavyotembea

Darasa lolote linaweza kulithibitisha jambo hili bila maabara. Mwanafunzi achukue unywele mmoja mrefu na mnyoofu, akumbuke upande wa shina na upande wa ncha, kisha aushike kwa kidole gumba na kidole cha shahada na kuvisugua vidole hivyo mbele na nyuma kwa kufuata urefu wa unywele. Vidole vinakwenda huku na huku, lakini unywele hauendi huku na huku. Unasogea upande mmoja tu, shina likitangulia.

Sababu yake huonekana kwa hadubini. Unywele umevikwa magamba madogo yaliyopandana kama makuti juu ya paa, na kingo za magamba hayo zote huelekea nchani. Kwa hiyo unywele huteleza kwa urahisi ukielekea kwenye shina, nao hukwama ukijaribu kurudi. Ndivyo vilevile mbegu za majani ya porini zinavyopanda ndani ya suruali ya mtu anayetembea: kila hatua huzisogeza, na hakuna hatua inayozirudisha. Katika ufa wa makalio, kusuguana kwa ngozi mbili wakati wa kutembea na kuketi hufanya kazi ya vile vidole viwili. Mwaka 1969 daktari Mwingereza, B. H. Page, alichapisha majaribio yaliyoonyesha jinsi unywele unavyoingia katika kitundu kwa mwendo huohuo, hatua kwa hatua.

Mtu aliyelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kuliko wengine wote ni George Karydakis, mpasuaji wa jeshi la Ugiriki mjini Athens. Yeye aliandika chanzo cha ugonjwa kwa sura ya kanuni ya hesabu: H × F × V². Herufi ya kwanza ni nywele zilizolegea, ya pili ni nguvu inayozisukuma, na ya tatu ni udhaifu wa ngozi inayopokea. Kanuni hiyo haipimwi kwa mizani kama kanuni za fizikia, na mwalimu mkali wa hisabati angeweza kuuliza kipeo cha pili kimetoka wapi. Hata hivyo ina faida kubwa. Inaonyesha kwamba Karydakis aliuona udhaifu wa ngozi kuwa ndio wenye uzito kupita mengine, na inakumbusha kwamba mojawapo ya vitu hivyo vitatu ikiwa sifuri, zao lote ni sifuri.

Kulihamisha jeraha

Hapo ndipo fikira za upasuaji zilipogeuka. Ikiwa nywele hutoka nje, hakuna mizizi ya kuchimbua. Na ikiwa ufa wenyewe ndio unaozisukuma ndani, haifai kuacha kovu katika kina cha ufa. Kazi ya mpasuaji ikawa kuondoa kidogo na kuhamisha mengi.

Operesheni ya Karydakis, aliyoitangaza mwaka 1973, hufanyika hivi. Mpasuaji hukata kipande chenye umbo la yai refu, lakini halikai sawasawa juu ya mstari wa katikati. Limesogezwa upande mmoja. Baada ya kukitoa, huinua ukingo wa ngozi ulio karibu na katikati pamoja na mafuta yake, huuvuta kupita mstari wa katikati, na kuushona upande wa pili. Matokeo ni mawili kwa wakati mmoja. Mshono wote hukaa pembeni, sentimita moja au mbili kutoka katikati, mahali penye hewa na pasipo na msuguano mwingi. Na ufa, uliokuwa mrefu kwenda chini, huwa wa kina kifupi. Mwaka 1992 Karydakis alichapisha habari za wagonjwa zaidi ya 6,000 aliowashughulikia, na waliorudiwa na ugonjwa walikuwa takriban mmoja katika kila mia. Jambo la kutiliwa maanani katika nchi zetu ni kwamba operesheni hiyo haihitaji mtambo wowote. Inahitaji kisu, nyuzi, ganzi ya uti wa mgongo au nusukaputi, na mpasuaji aliyefundishwa mahali pa kukata.

Njia nyingine ilianzia Leningrad. Alexander Limberg, bingwa wa upasuaji wa uso na taya, mwaka 1946 alieleza namna ya kuziba pengo la ngozi kwa jiometri tupu, na baadaye wapasuaji wengine waliitumia kwa kiota cha nywele. Sehemu yenye ugonjwa hukatwa kwa umbo la rombasi, yaani umbo la pande nne zilizo sawa, lenye pembe mbili za nyuzi 60 na mbili za nyuzi 120. Mwanafunzi akiichora rombasi hiyo ataona kwamba ulalo wake mfupi ni sawa na upande mmoja, kwa sababu unaigawa katika pembetatu mbili za pande sawa. Mpasuaji hurefusha ulalo huo nje ya umbo kwa urefu uleule wa upande mmoja, kisha hukata mstari wa pili wa urefu huohuo, sambamba na upande ulio jirani. Kwa mikato hiyo miwili amepata kipande cha ngozi na mafuta chenye umbo lilelile la pengo, ambacho bado kimeshikamana na mwili upande mmoja na kinaendelea kupata damu. Hukizungusha, akakilaza katika pengo; na pengo jipya lililobaki nyuma hufungwa kwa mshono wa mstari. Ikiwa kila upande ni sentimita 5, eneo lililozibwa ni karibu sentimita 21.7 za mraba, na hakuna sehemu iliyovutwa kwa nguvu.

Njia ya Limberg hufaa hasa ugonjwa ulioenea. Gharama yake ni makovu yanayoonekana, ganzi ya ngozi inayoweza kudumu, na makalio yasiyolingana tena, jambo ambalo kijana wa miaka 18 hana budi kuelezwa kabla ya kulala mezani, si baadaye. Pia palikuwa na kasoro moja: pembe ya chini ya rombasi iliangukia katikati ya ufa, na ugonjwa uliporudi ulirudi mara nyingi hapohapo. Dawa ilikuwa kuisogeza pembe hiyo pembeni kwa sentimita moja au mbili. Somo la Karydakis limejirudia.

Punje za mchele

Mmarekani John Bascom, aliyefanya kazi katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, alikuja na maelezo yaliyotofautiana kidogo. Katika makala yake ya mwaka 1980 alisema kwamba kitundu huanza kama kifuko cha unywele wa mahali palepale, ambacho hutanuka, huziba, huota usaha, kisha hupasukia katika mafuta. Nywele za nje huja baadaye tu na kuukuta mlango umefunguliwa. Kama ni hivyo, kitu kinachopaswa kuondolewa ni kile kitundu tu. Bascom alikata kila kitundu kwa kipande kisichozidi punje ya mchele, kisha akafungua mkato mwingine pembeni, mbali na katikati, ili kusafisha kiota chenyewe. Alifanya hivyo kwa ganzi, na mgonjwa alirudi nyumbani siku ileile. Kwa wale walioharibiwa na operesheni nyingi zilizotangulia, Bascom alibuni operesheni ya kuuinua ufa na kuufanya wa kina kifupi, ambayo ni ndugu wa karibu wa ile ya Karydakis.

Kuanzia yai la kuku mpaka punje ya mchele ni safari ndefu, na wengine wameendelea nayo. Mwaka 1964 huko Uingereza ilitangazwa njia ya kuichoma njia ya ugonjwa kwa dawa ya fenoli, na mwaka uliofuata Lord na Millar wakaeleza ukataji wa vitundu na usafishaji kwa brashi ndogo. Mwaka 2008 Moshe Gips na wenzake wa Israeli walitoa taarifa ya wagonjwa zaidi ya 1,300 waliotobolewa vitundu vyao kwa vikeo vya mviringo na kuachwa bila nyuzi. Mwaka 2014 Piercarlo Meinero wa Italia alieleza matumizi ya darubini nyembamba inayoingizwa katika njia yenyewe, ili mpasuaji aone nywele kwa macho, azivute, na kuichoma njia kwa umeme. Miale ya leza nayo imeingia. Operesheni hizi ndogo hurudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi kuliko zile za kuhamisha ngozi. Lakini kwa mgonjwa mwenye vitundu viwili ambaye angetaka kurudi shuleni wiki hiyohiyo, kukubali uwezekano wa kurudia operesheni ya dakika 20 si upumbavu.

Wakati wa jipu, hata hivyo, mambo hayo yote hungoja. Jipu hupasuliwa tu, pembeni mwa mstari wa katikati, usaha ukatoka na nywele zikasafishwa. Vidonge vya antibaiotiki peke yake havitoshi. Wagonjwa wengine hawarudi tena. Wale wanaorudi ndio wanaopangiwa operesheni kamili, baada ya uvimbe kutulia. Na mtu mwenye kitundu kisicho na maumivu wala usaha, kama wale askari wa Kituruki, kwa kawaida hapasuliwi kabisa.

Ama kuhusu mabishano ya njia ipi ni bora, mwaka 2010 yalichapishwa mapitio ya majaribio mengi yaliyolinganisha njia hizo. Yalionyesha kwamba kushona huponyesha mapema kuliko kuacha wazi, kwamba kuacha wazi hupunguza kurudi kwa ugonjwa, na kwamba, ikiwa jeraha litashonwa, mshono wa pembeni ni bora kuliko wa katikati kwa kila kipimo muhimu: kupona, kuchafuka, na kurudi.

Nywele zilizoanguka

Imebaki herufi ya kwanza ya kanuni ya Karydakis, yaani nywele zenyewe. Mwaka 1994 waganga wawili wa jeshi la Marekani, Armstrong na Barcia, walieleza jinsi walivyopunguza sana operesheni katika hospitali yao kwa kunyoa sehemu hiyo mara kwa mara, kudumisha usafi, na kupasua majipu tu yanapotokea. Hapo wembe ulionekana kuwa jibu rahisi. Lakini uchunguzi mwingine wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba, kwa muda mrefu, waliokwisha kupasuliwa na kuendelea kujinyoa kwa wembe walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wasionyoa. Tangu hapo wengi wamependelea kuziondoa nywele kwa leza, kwa wale wenye uwezo wa kuilipia.

Sababu mojawapo ya fumbo hilo pengine ilipatikana mwaka 2018. Watafiti wa Ujerumani walizichambua kwa hadubini nywele zilizotolewa katika viota vya wagonjwa, kwa ustadi uleule wanaoutumia wapelelezi wa makosa ya jinai. Walitazamia kukuta nywele ndefu za mgongoni na za makalioni. Walichokuta kwa wingi ni vipande vifupi visivyo na mashina, vyenye ncha kali kama vilivyokatwa kwa mkasi au mashine, na sura yake ilikuwa ya nywele za kichwani. Vilikuwa vimeanguka kutoka kisogoni, vikateremka mgongoni ndani ya shati, vikaishia katika ufa. Kwa sababu hiyo wapo wapasuaji ambao sasa, wanapomruhusu mgonjwa kutoka hospitalini, humwuliza hunyolewa nywele za kichwa mara ngapi, na humwagiza kwamba akitoka kwa kinyozi aoge mwili mzima na kubadili nguo kabla hajaketi.